Barua ya malalamiko: mabomba ya maji yaliyokatwa wakati wa kutandaza mkongo na kuungwa kwa mpira na moto

Kamati ya Maji ya Mtaa pamoja na Mafundi Bomba wa Mtaa,
Dar es Salaam.

Meneja wa Mradi,
Kampuni ya Utandazaji wa Mkongo wa Mawasiliano,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATWA KWA MABOMBA YA MAJI YA WATEJA NA KUUNGWA KIHOLELA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika kuhusu mtaro mliochimba kando ya barabara ya mtaa wetu kwa ajili ya kupitisha nyaya za mkongo. Hatupingi mkongo kupita. Wakazi wengi wanauhitaji. Tunacholalamikia ni hali mliyoyaachia mabomba ya maji. Bomba kuu la maji liko upande wa pili wa barabara, na kila nyumba ya upande wenu inapata maji kwa bomba jembamba la milimita 20 au 25 linalokatiza chini ya barabara. Mtaro unaokwenda sambamba na barabara hauna budi kukutana na bomba la kila nyumba. Jambo hilo lilijulikana kabla ya sururu ya kwanza kupigwa, na lilistahili kupangiwa.

Kwanza tueleze tulichokikuta tulipofukua maungio yenu. Bomba ni lile jeusi la poli (plastiki) lenye mstari wa buluu. Sehemu nyingi mafundi wenu wamepasha ncha moja kwa moto hadi ikalainika, wakaipanua, wakaichomeka ncha ya pili ndani yake, kisha wakazungushia vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli na kukaza kwa waya wa kufungia nondo. Ukikata ungio hilo kwa msumeno unaona wazi kilichotokea: ukuta wa bomba, ambao kwa milimita 25 ya daraja la PN16 (linalohimili presha ya bar 16) unatakiwa kuwa na unene wa milimita 2.3, umebaki mwembamba kama karatasi ngumu upande mmoja na umevimba upande mwingine. Kati ya ncha mbili mna mchanga na utelezi mweusi. Mahali pengine bomba limepindwa mara mbili na kufungwa waya ili kuzuia maji wakati wa kazi, halafu likanyooshwa na kufukiwa. Alama nyeupe inayobaki kwenye kona ya mkunjo ni plastiki iliyokwisha kuumia, na hapo ndipo bomba litapasukia.

Ungio la mpira na waya halidumu, na sababu zake zinajulikana na fundi yeyote. Poli inatanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi kuliko chuma. Mita 10 za bomba zikipoa kwa nyuzi 20, zinafupika kwa takriban sentimita 3 hadi 4. Bomba likiungwa mchana likiwa limelala juani mtaroni, kisha likafukiwa na kupitisha maji baridi usiku, ncha zinavutana. Ungio lisilo na meno ya kushika linateleza taratibu hadi linachomoka. Ndiyo maana nyumba zilizoonekana kupata maji vizuri siku ya kwanza zilianza kuvuja baada ya muda, nanyi mkasema kwamba hilo ni tatizo la mwenye nyumba.

Lipo na tatizo lingine ambalo halionekani mtaroni. Mashine au sururu ikinasa bomba hailikati tu, inalivuta. Mvuto huo unakwenda hadi kwenye sadoo ya bomba kuu (kifungo kinachotoa maji ya nyumba kwenye bomba kuu) upande mmoja na hadi kwenye nipo ya mita (kipande kifupi chenye thredi) upande mwingine. Tumekuta sadoo zilizogeuka kidogo na kuanza kudondosha maji chini ya barabara, na mita zilizolala upande baada ya kulegea kwenye yunioni, yaani nati ya kuungia mita. Fundi anayeziba pale palipokatwa na kuondoka bila kukagua ncha zote mbili anaacha uvujaji mpya mahali ambapo hakuna atakayefukua mpaka lami idumbukie.

Kuhusu hasara ya maji, hesabu ni hii. Tundu la milimita 3 tu, kwa presha ya bar 3, linapitisha takriban lita 370 kwa saa. Kwa mgao wa saa 8 hizo ni karibu uniti 3, uniti moja ikiwa lita 1,000. Maji yakitoka siku nzima ni karibu uniti 9. Uvujaji ukiwa kabla ya mita, ni hasara ya mamlaka ya maji na majirani wanapungukiwa presha. Ukiwa baada ya mita, ni deni la mwenye nyumba. Mkazi yeyote anaweza kuthibitisha: afunge koki zote za ndani pamoja na ile ya tangi, kisha atazame kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapotelea baada ya mita. Kikisimama huku ardhi ya mtaroni imelowa, uvujaji uko kabla ya mita. Kwenye nyumba ambazo mtaro wenu umepita kati ya mita na ukuta, kinyota kinazunguka.

Linalotusumbua zaidi ni afya. Maji ya mgao yakikatika, bomba halibaki limejaa. Nyumba za bondeni wakifungua koki, maji yaliyobaki yanateremka kwao na kuvuta hewa kupitia uwazi wowote ulio juu. Kama uwazi huo ni ungio la mpira lililozama kwenye maji ya mtaro, kinachovutwa si hewa bali maji hayo, yakiwa yamechanganyika na ya makaro na ya mifereji. Mgao ukirudi, uchafu huo unasukumwa hadi jikoni. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia hapa hapa Dar es Salaam kikaenea mikoani. Katika jiji lenye historia hiyo, ungio la maji ya kunywa haliachwi wazi ndani ya tope hata kwa usiku mmoja.

Tunaeleza sasa namna kazi hii inavyotakiwa kurekebishwa, kwa sababu hatutaki mtume tena kibarua mwenye mkoba wa mpira. Kila penye kovu la moto, mkunjo au mpira pakatwe mpaka lifikiwe bomba la duara safi pande zote mbili. Kwa kawaida inalazimu kutoa sentimita 30 au zaidi kila upande, kwa hiyo konekta moja haitoshi: kila nyumba inahitaji konekta 2 za kukaza na kipande kipya cha bomba cha urefu wa mita moja hivi, cha kipimo kile kile na daraja lile lile la presha. Msiunge bomba la PN10 katikati ya PN16 kwa sababu tu ndilo lililobaki stoo. Nyumba za zamani zenye bomba la chuma zipewe adapta yenye thredi, ikazwe kwa katani na dawa ya kuzibia au kwa tepu ya kutosha. Kwenye chuma kilicholika, thredi ikatwe upya badala ya kulazimishwa juu ya kutu.

Konekta yenyewe ina nati, pete ya meno, pete ya mpira na mwili. Bomba likatwe wima kwa kikatio, likwanguliwe mabaki ya ndani na kuchongwa kidogo ukingo wa nje ili lisikate pete ya mpira. Kina cha konekta kipimwe na kuwekwa alama kwenye bomba kwa kalamu, kwani kosa linalorudiwa kuliko yote ni bomba kuishia kwenye pete ya meno bila kuvuka pete ya mpira. Ungio la namna hiyo linashika, halivuji presha ikiwa ndogo, halafu linamwaga usiku maji yakija kwa nguvu. Kulainisha kuwe kwa maji ya sabuni. Mafuta ya gari na grisi vinaweza kuharibu mpira. Kabla ya kufungwa, konekta na ncha za bomba zisuuzwe kwa maji ya klorini ya asilimia 1: kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, kwa vikombe viwili na nusu vya maji.

Kabla ya kurudisha mita, bomba lisafishwe. Nyumba kadhaa zimepata mita zilizokwama kwa sababu mchanga wa mtaroni umejaa kwenye kichujio cha mita, na nyingine boya la tangi limeshindwa kufunga kwa sababu ya chembe moja ya kokoto. Mita itolewe, mdomo wa bomba uelekezwe kwenye ndoo, maji yafunguliwe kikamilifu. Mita 30 za bomba la milimita 25 zina maji lita 10 tu ndani yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania: zimwagwe ndoo 5 za lita 20, na zaidi kama maji bado yana rangi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja au chini ya hapo, maji yanakwenda kwa kasi ya kama mita moja kwa sekunde, ambayo inabeba mchanga. Ikichukua dakika tatu, mchanga umebaki ndani, au bomba limebanwa mahali.

Mtaro usifukiwe siku hiyo hiyo ungio likiwa halijaonekana likiwa na presha. Maji yafunguliwe, koki za ndani zifungwe, na ungio likaguliwe kwa mkono mkavu wakati wa mgao wenye nguvu, ambao mtaani kwetu ni usiku. Likikauka, bomba lilazwe kwa kupindapinda kidogo, si kuvutwa kama kamba, juu ya mchanga wa sentimita 10, lizungukwe na mchanga usio na mawe, kisha udongo ushindiliwe kwa tabaka. Jiwe moja linaloligusa bomba chini ya uzito wa gari linatosha kulitoboa baada ya miezi. Mfereji wenu wa plastiki wa mkongo usilale juu ya bomba la maji kama ulivyolazwa sasa. Viachane angalau sentimita 30, na utepe wa tahadhari uwekwe juu ya vyote viwili. Leo fundi wa maji akitaka kufikia bomba lake, lazima kwanza aukate mkongo wenu.

Wakati matengenezo yanasubiriwa, nyumba zilizokatiwa maji zina haki ya maji. Mahitaji ya msingi ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji madumu 5 ya lita 20, na hapo hatujahesabu kufua. Maji hayo yaletwe kwa boza safi, pamoja na vidonge vya klorini vya kutibu lita 20, kila nyumba ikielekezwa kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Matangi yaliyopokea maji machafu yasafishwe kwa gharama yenu: yapigwe brashi, yajazwe, na kila lita 1,000 zitiwe lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5. Maji hayo yapitishwe kwenye koki zote za ndani mpaka harufu isikike, yalale usiku kucha, kisha yamwagwe yote. Asinywe mtu maji hayo. Ncha za bomba lililo wazi zizibwe kwa vizibo vya kukaza, si kwa kukunja wala kwa mfuko wa nailoni.

Tunaomba pia mrekebishe namna mnavyochimba, kwa sababu mtaro bado unaendelea kwenda mitaa ya jirani. Bomba la poli halionekani kwa kifaa cha kutafuta chuma, lakini njia yake inakisiwa kirahisi: simama kwenye mita, tazama bomba kuu liliko, na mara nyingi bomba limenyooka kati ya hizo mbili. Hapo pachimbwe shimo la majaribio kwa koleo, mita moja kila upande wa mstari huo, kabla ya mashine kufika. Mjumbe na mwenye nyumba waulizwe, kwani wanajua bomba lao lilikopitia. Vibarua wanaolipwa kwa mita walizochimba hawatasimama kutafuta bomba la mtu. Wekeni malipo ya kila bomba lililovukwa salama, na kila zamu iwe na fundi bomba mwenye cheti na sanduku lenye konekta za milimita 20, 25 na 32.

Kuhusu fidia, tunataka kila nyumba ilipwe tofauti kati ya bili za kipindi hiki na wastani wa miezi mitatu kabla ya mtaro, gharama ya maji ya kununua kwa wenye mikokoteni, na vifaa ambavyo wakazi wamekwisha kununua kwa fedha zao. Mita zilizokwama zipelekwe kwa mamlaka ya maji zikapimwe, zisifunguliwe na mafundi wenu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inakataza kuharibu miundombinu ya maji, na kibali cha kuchimba barabara hakikuwapa ruhusa hiyo.

Tunaomba mtume mhandisi wenu atembee mtaro wote pamoja na fundi wa mamlaka ya maji na wajumbe wetu, kila ungio lifukuliwe na kuorodheshwa kwa namba ya mita, na ratiba ya matengenezo ibandikwe ofisi ya Serikali ya Mtaa ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Tumehifadhi vipande vya maungio tuliyoyakata, kila kimoja kikiwa na namba ya nyumba, na mhandisi wenu anakaribishwa kuvikagua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti, Kamati ya Maji ya Mtaa
Katibu, kwa niaba ya Mafundi Bomba wa Mtaa

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Afisa Mtendaji wa Kata
Afisa Afya wa Kata
Meneja wa mamlaka ya maji wa eneo