Damu Mnaipeleka Wapi?

Kisumu, Jumapili jioni

Rafiki yangu,

Salamu kutoka huku kwenye joto na mbu. Umeniuliza ubebe nini ukienda kuwaeleza watoto wa shule habari za flamingo wa Ziwa Nakuru. Acha nikusimulie yaliyonipata mimi.

Mwezi jana nilienda shule moja upande wa Ahero, Gredi ya 6, kueleza utafiti wetu wa malaria, na slaidi 30, kuanzia Ronald Ross aliyekiona kimelea cha malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Kufika ya nne, mvulana wa nyuma alikuwa anakoroma. Kisha stima ikapotea. (Nilimshukuru Mungu, usimwambie mtu.)

Nikatoa beseni la viluwiluwi wa mbu, nililolibeba kama pambo tu. Wakanisonga! Nikawaonyesha: huyu wa anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti, yule wa kuleksi, mbu wa aina nyingine, huning'inia kichwa chini. "Suna!" wakapiga kelele, yaani mbu kwa Dholuo. Msichana mmoja akasema hao wanaolala wamejaa kwenye nyayo za ng'ombe nyuma ya tangi. Tukatoka. Walikuwemo kweli, 11, tuliwahesabu.

Tukiwa tumeinama palepale, akaniuliza: "Damu mnayotoa watu vidoleni mnaipeleka wapi?"

Kimya. Mwalimu akajifanya anaangalia barabara. Nikajua swali hilo limetoka nyumbani kwao. Miaka mitano nadunga watu vidole, nawasainisha fomu ya ridhaa ya kurasa nne, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza: tone moja tunalipaka kwenye kioo, tunalitia rangi, tunatafuta kimelea kwa hadubini, jingine tunalikausha kwenye karatasi. Hatuuzi. Akaitikia kwa kichwa. "Na mkishajua, mbona hamrudi kutuambia?"

Ulimi ukanikauka, dada.

Kwa hiyo wewe beba chupa ya maji ya kijani ya ziwa na hadubini. Waone wenyewe chakula kinachompa flamingo uwaridi wake, na jinsi kilivyopungua ziwa lilipofura na chumvi yake ikazimuliwa. Lakini watoto wa Mwariki, mtaa wa kando ya ziwa, watakuuliza kuhusu nyumba zao zilizomezwa na maji. Anza kulifikiria jibu hilo sasa.

Ijumaa narudi Ahero na matokeo yetu, ukurasa mmoja, Kiswahili na Dholuo. Mwalimu ameomba nisibebe projekta.

Wako wa tangu Njoro