Usitume pesa mbwa akiwa "njiani"

Simu ya kliniki yetu ya wanyama hapa Mombasa hupokea ujumbe ambao maneno hubadilika lakini kisa ni kimoja: "Daktari, nimenunua mtoto wa German Shepherd kutoka Nairobi, nilimwona Facebook. Ametumwa kwa basi jana usiku. Sasa dereva amenipigia, anasema wamezuiliwa Mtito Andei, mbwa hana kibali, nitume 3,500 halafu nitarudishiwa akifika. Nitume?"

Usitume. Mtito Andei hakuna mbwa. Dereva naye hayuko. Anayepiga ni muuzaji yule yule, amebadilisha laini tu. Na ukituma hiyo 3,500, kabla ya jioni utaambiwa basi limefika Voi, mbwa anatapika, na daktari wa pale anataka 2,000 za sindano.

Wanaotuuliza hivi si watu wajinga. Ni walimu, wafanyabiashara, akina mama wanaoendesha nyumba kwa hesabu ya kila shilingi. Kinachowanasa ni mpangilio wa malipo. Tangazo linasema German Shepherd wa wiki nane, amechanjwa, ana karatasi, shilingi elfu nane na usafiri juu ya muuzaji. Unaombwa arubuni ya elfu mbili tu, "nikuwekee, maana kuna mtu mwingine anamtaka leo". Elfu mbili haimkoseshi mtu usingizi. Kesho yake unaombwa salio, kwa sababu mbwa yuko tayari kupakiwa. Hapo umeshalipa elfu nane, watoto nyumbani wameshampa jina, na ndipo zinapoanza ada ndogo ndogo: kizimba, kibali, bima, sindano. Kila moja ni ndogo kuliko ulichokwisha kutoa, kwa hiyo kila moja inaonekana kama ndiyo ya mwisho. Tapeli wa aina hii haishi kwa pesa ya kwanza, anaishi kwa zinazofuata.

Ndiyo maana hatuwaambii wateja wetu wapoteze muda kuchunguza lugha ya muuzaji au sura yake kwenye ukurasa wake. Wako matapeli wanaoandika vizuri kuliko sisi. Angalieni ada. Gharama yoyote inayozaliwa mnyama akiwa tayari "njiani", chukulieni kwamba mnyama hayupo.

Wanaoagiza kutoka nje, hasa Pomeranian na paka wa Persian, hupigwa kwa mtindo huo huo ila kwa dola. Ujumbe hutoka kwa "kampuni ya mizigo": mnyama wako amekwama uwanja wa ndege, anatakiwa kizimba chenye kiyoyozi, na bima ambayo utarudishiwa. Mambo hayaendi hivyo. Kibali cha kuingiza mnyama Kenya hutolewa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, na huombwa na mwagizaji kabla mnyama hajasafiri. Shirika la ndege nalo hukagua kizimba kwanza, kwa kufuata kanuni za kusafirisha wanyama hai za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kizimba kisichofaa hakipokelewi. Kama kibali hukukiomba wewe wala wakala uliyemteua wewe, huna mnyama katika uwanja wowote wa ndege.

Mchezo huu haukuanzia kwetu. Desemba 2020, waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani huko Pennsylvania walimfungulia mashtaka raia mmoja wa Cameroon, wakidai aliuza kwenye tovuti watoto wa mbwa aina ya dachshund ambao hawakufika, na kwamba wanunuzi walidaiwa pesa zaidi kwa kisingizio cha virusi vya korona. Toa korona, weka Mtito Andei.

Kuhusu picha, tusikae sana. Picha nzuri ya mbwa haithibitishi kitu. Itafute kwa Google Lens; mara nyingine utaikuta kwenye ukurasa wa mfugaji wa nchi nyingine kabisa. Lakini usipoikuta usitulie, kwa sababu siku hizi picha inaweza kutengenezwa na akili mnemba na isiwe na asili popote. Omba simu ya video, na ndani ya simu hiyo omba jambo ambalo muuzaji hakulitarajia: amsogeze karibu na mama yake, amwinue mdomo muone meno, amgeuze tumbo juu. Mwenye mbwa atacheka na kufanya. Asiye na mbwa atasema mtandao ni mbaya, na dakika mbili baadaye mtandao huo huo utamwezesha kukutumia video iliyorekodiwa. Tazama pia jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla pesa hazijaondoka. Ukiambiwa "hiyo ni laini ya mke wangu", au "ya mhasibu wetu", simama hapo hapo.

Mbwa yupo, ila siye

Huo ndio utapeli unaozungumzwa. Sisi tunaokutana na wanyama mezani tunajua wa pili, na huu haumwachii mtu hata nafasi ya kusema ametapeliwa, kwa sababu mbwa alimpokea kwa mikono yake. Walikutana kituo cha mafuta, mbwa yumo ndani ya boksi, anatikisa mkia, pesa zikatumwa, muuzaji akaondoka. Kasoro huonekana baadaye.

Ya kwanza ni umri. Mtoto wa mbwa hafai kutengwa na mama yake kabla ya wiki nane, lakini kumlisha mama na watoto wanane hadi wiki hiyo ni gharama, kwa hiyo wapo wanaouza wa wiki tano kwa jina la wiki nane. Meno yatakuambia. Meno ya utotoni huanza kutoka kwenye wiki ya tatu, na kufikia wiki ya nane kwa kawaida yote 28 yameshatoka. Ukifungua mdomo ukakuta mbele kuna meno na nyuma kuna ufizi mtupu, huyo bado alikuwa ananyonya. Masikio, kwa upande mwingine, hayakuambii kitu: German Shepherd wa wiki nane kuwa na masikio yaliyolala ni kawaida, mengi husimama miezi kadhaa baadaye. Tumewaona watu wakimkataa mbwa mzuri kwa sababu ya masikio na kumchukua mgonjwa kwa sababu yake yalisimama.

Ya pili ni kadi ya chanjo. Kadi tupu si vigumu kuipata, na kuijaza ni kazi ya kalamu. Ya kweli ina kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na pembeni yake mhuri, sahihi na namba ya usajili ya daktari. Kila daktari wa mifugo anayefanya kazi Kenya anapaswa kusajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hiyo jina lililo kwenye mhuri linaweza kuulizwa. Kisha linganisha tarehe na umri. Chanjo ya kwanza ya distemper na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kwa kawaida hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huanzia miezi mitatu. Sasa muuzaji akikuambia mbwa ana wiki nane na "chanjo zote zimekamilika mpaka ya kichaa", moja kati ya hayo mawili si kweli, na mara nyingi yote mawili. Tumeletewa kadi zenye tarehe za miezi mitatu tofauti, wino mmoja, mwandiko mmoja, kana kwamba mkono haukuinuka kwenye karatasi.

Inayoumiza zaidi ni parvo. Virusi hivi huingia mwilini na kwa kawaida hukaa siku tatu hadi saba bila dalili, mara nyingine hata wiki mbili. Kwa hiyo mbwa anayeruka ruka Jumamosi kituo cha mafuta anaweza Jumatano kuwa amelala, anatapika, anaharisha damu, na namba ya muuzaji haipatikani tena. Matibabu yake ni maji ya mshipa na kulazwa siku kadhaa, na gharama mara nyingi hupita bei ya mbwa mwenyewe. Akifa, tafadhali msikimbilie kuleta mwingine mchanga. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi. Osheni uchafu wote kwa sabuni kwanza, kisha pigeni sakafu kwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu 30 za maji, na mbwa ajaye awe amemaliza chanjo kabla hajakanyaga hapo. Ua la mchanga haliwezi kuoshwa hivyo, na hapo ushauri wetu huwa ni kusubiri.

Ya mwisho ni ukoo. Kuwa chotara si kosa la mbwa, na mbwa wengi walinzi wazuri wa mji huu ni machotara. Kosa ni kulipishwa bei ya mwenye karatasi. Hapa nchini mbwa wa ukoo husajiliwa na East Africa Kennel Club. Muuzaji anayesema "karatasi zitafuata" mwambie na salio litafuata. Na kama unachotaka ni mbwa au paka wa kuishi naye tu, bila habari za ukoo, shirika la KSPCA lililoko Nairobi lina wanyama wanaotafuta nyumba.

Kasuku

Tunaulizwa pia kuhusu matangazo ya kasuku wa kijivu, yule msemaji mwenye mkia mwekundu. Jibu letu ni fupi. Tangu Januari 2017 ndege huyu amewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha ulinzi cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, na hapa Kenya huwezi kumfuga bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori. Anayemuuza mtandaoni kwa bei ya kuku wachache, bila karatasi yoyote, ama hana kasuku au ana kesi. Pesa yako haifai kuwa sehemu ya lolote kati ya hayo.

Tunachoweza kukufanyia

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji mkutane kwenye kliniki, yetu au nyingine yoyote iliyo karibu nanyi. Tunapima joto, tunatazama meno, ngozi na kinyesi, tunasoma kadi, na kama inasemekana ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi tunapitisha kifaa cha kuisoma na kulinganisha tarakimu zake 15 na zilizo kwenye karatasi. Ikiwa kuna dalili za kutia shaka, kipimo cha parvo cha papo kwa papo huchukua dakika chache. Wewe unalipa baada ya hapo, ukiwa umemshika mbwa. Muuzaji mkweli hapotezi kitu kwa mpango huu, na wako wafugaji wanaoupendelea, kwa sababu unawalinda wasije wakalaumiwa kwa ugonjwa ambao mbwa aliupata kwa mnunuzi. Muuzaji akiwa Nairobi au Nakuru na wewe uko huku, tafuta ndugu au rafiki kule aende naye kliniki. Usiwe na haya ya kumsumbua binamu.

Kama umeshatuma pesa na sasa una mashaka, usianze kubishana na muuzaji, maana unampa muda wa kuzitoa. Sambaza ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwenda 456 mara moja kuomba urejeshwe. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti yake zinaweza kuzuiwa, zikishatolewa ni vigumu sana. Namba ya tapeli iripoti kwa 333. Usifute mazungumzo wala picha, zihifadhi na uende nazo kituo cha polisi. Halafu kaa macho kwa siku chache, kwa sababu mara nyingi hujitokeza "mtaalamu" anayeahidi kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo, na huyo naye huwa ametoka kundi lile lile.

Kadi za chanjo tunazisoma bure kwa WhatsApp. Piga picha pande zote mbili, kwenye mwanga, vibandiko vikisomeka, na utuandikie umri uliotajiwa. Video fupi ya mdomo ukiwa wazi itatusaidia zaidi kuliko picha kumi za mbwa akiwa amevalishwa utepe.