Mwanangu, kabla hujapanda ndege

Mwanangu,

Habari ya unahodha wako wa timu ya kriketi imetufika. Mama yako alikaanga bhajia karai zima akagawia majirani hadi ghorofa ya tatu, basi ujue nyumba ilifurahi. Mimi nilikula mbili tu.

Porbandar, mji ule wa pwani ya Gujarat, India, unaijua kwa hadithi za babu yako, sirudii. Ila habari ya mtawala wake, Maharana Natwarsinhji, hukusimuliwa sawasawa, maana babu alimpenda kupita kiasi. Mwaka 1932 timu ya kriketi ya India ilikwenda Uingereza, na nahodha ilibidi atoke kwenye ukoo wa watawala, eti wachezaji wasingemtii mwenzao. Mtawala wa Patiala akajitoa, akapewa wa Porbandar. Kupiga mpira hakujua. Watani wakasema magari yake ya Rolls-Royce ni mengi kuliko mikimbio yake, yaani pointi zake. Lakini ilipofika mechi ya kwanza kabisa ya Test ya India, zile mechi kubwa za taifa kwa taifa, pale uwanja wa Lord's, London, Juni 25, alikaa pembeni akamwachia unahodha mchezaji C. K. Nayudu. Mtu mwenye nchi yake na mizinga yake ya salamu, ameketi na wasiocheza, anatazama! India ilishindwa kwa mikimbio 158, lakini Nayudu alipiga 40 awamu ya kwanza, hakuna mwenzake aliyemfikia. Baadaye Maharana huyo huyo akafungua shule ya kriketi mjini kwake, akaipa jina la mchezaji Duleepsinhji, si lake.

Wewe unapiga kuliko Maharana, hilo sikatai. Tena mbali. Lakini yule kijana wa Kisauni, wa mkono wa kushoto, anausoma mchezo kuliko wewe, na wewe unajua kuwa najua. Mechi kubwa ikifika utamwachia? Au utang'ang'ania kwa sababu jina lako ndilo limeandikwa?

Ile simu niliyompigia mmoja wa kamati ilikuwa ya salamu. Jina lako nililitaja, ndiyo. Baba gani asingelitaja.

Windhoek ni baridi mwezi huu, chukua sweta la kijivu. Usimwazime mtu, la bluu halikurudi mpaka leo. Pampu ya maji imekufa tena, fundi anataka elfu nane na hajaifungua hata skrubu moja. Nyanya yako goti linamsumbua, hasemi.

Na ufunguo wa stoo uliondoka nao? Karai la bhajia ilibidi tuazime.

Nijibu kwanza la kijana wa Kisauni, halafu la ufunguo.

Baba yako