Risala ya Kikundi cha Watunza Hati, Lamu, kwa Mgeni wa Heshima, Mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti ya Ng'ambo

Mheshimiwa Mkurugenzi, mashekhe na walimu wetu, wazee wa mtaa, mabibi na mabwana: Assalamu alaykum.

Karibu Amu, ndiyo Lamu yetu. Kiti ulichokalia ni kiti cha enzi. Hatukitoi kwa kila mgeni, ingawa tangu kikundi kianze kimetoka mara tatu.

Tulianza watu wanne, barazani, baada ya alasiri. Leo tunajivunia katiba, muhuri na akaunti ya benki. Tumeorodhesha hati 41 za majumbani, nyingi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Zilikuwa 44, tatu mchwa walitutangulia.

Mheshimiwa, wataalamu wa nje tumewazoea. Miaka ya 1960 Neville Chittick wa taasisi ya Waingereza, BIEA, alichimba magofu ya Manda, kisiwa jirani. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton akachimba Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, akakuta msikiti juu ya msikiti, hadi ule mdogo wa karne ya 8. Mwaka 2010 Wachina wakaja kutafuta mabaki ya meli za Zheng He, amiri wao wa karne ya 15, katika bahari hii, na mwaka 2013 Wamarekani wakatangaza sarafu ya Yongle, mfalme wa China wa zama hizo, iliyookotwa Manda. Kila taifa huja na swali lake. Hatulaumu. IFRA ya Nairobi, taasisi ya utafiti ya Wafaransa, iko chini ya CNRS, kituo chao cha taifa cha utafiti, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa. BIEA hutegemea British Academy, akademia ya taifa ya Uingereza. Aliyekodi chombo ana haki ya kuchagua bandari. Sisi tulio gatini twauliza tu kitarudi na nini.

Ombi letu ni moja. (Mwenyekiti alikuwa na matano, tukamshauri.) Tunaomba kila hati itakayopigwa picha na taasisi yako, nakala yake kamili ibaki Amu kabla kamera haijapanda boti, na ipate pa kukaa, yaani mtusaidie kukarabati chumba kilicho juu ya madrasa, ambacho boriti zake zimelegea, pamoja na kabati mbili za chuma na kompyuta moja.

Tuna sababu. Mtafiti mmoja aliketi siku tatu sebuleni kwa mama wa mtaa huu, akanywa kahawa yake, akapiga picha kijitabu cha tenzi alichorithi kwa mamake. Akaahidi nakala. Masika yaliyofuata kijitabu kikalowa, wino ukayeyuka. Leo mama yule akitaka ubeti mmoja tu wa kuwasomea wajukuu, anaambiwa aandike barua pepe, kwa Kiingereza, aeleze yeye ni nani na ubeti ule ni wa utafiti gani.

Mgeni wetu wa kwanza aliahidi skana. Wa pili alituhakikishia kwamba skana ya wa kwanza iko njiani. Wa tatu, Mungu amzidishie, alileta kitu kweli: diski ya picha. Hatuna cha kuifungulia. Mweka hazina ameifukia ndani ya kopo la mchele isiliwe na chumvi.

Wala hatuombi muujiza. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na zenyewe hazikuhama Lamu. Lakini anayetaka mkusanyo mkubwa wa hati za Kiswahili bado huelekezwa chuo cha SOAS, London. Maslahi ya taifa lako tunayaheshimu, Mheshimiwa. Letu ni dogo: mtoto wa Amu asihitaji viza kusoma mwandiko wa babu yake.

Makubaliano tumeyaandika, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yako hapo mbele yako, chini ya sahani ya halua, na kalamu ipo. Tungeomba saini kabla ya kahawa. Wageni watatu waliotangulia waliahidi baada ya kahawa, na boti ya jioni haikuwangoja.

Ni sisi wanakikundi. Imesomwa na Katibu.