Sio Zanzibar na Serengeti tu jamani

Mhariri, salamu. Wasomaji wako wakipeana dondoo za kutembea ni Zanzibar na Serengeti tu, hivi huku kusini hamkujui? Mi juzi nilishuka basi la Tunduma nikachukua boda hadi Kimondo cha Mbozi, dude la chuma la tani nyingi lililotoka angani, na pembeni kuna alama za msumeno walipokata kipande, nikapitisha kidole hapo, baridi kweli. Halafu nendeni Rungwe mkaone Daraja la Mungu, mwamba umejikalia wenyewe juu ya mto Kiwira na maji yanapita chini. Vaeni raba zenye meno, mi nilienda na sendozi nikala mwereka mbele za watu.

Msomaji wako, Mbeya