Barua kwa mwanangu anayekwenda kupimwa

Mwanangu,

Nyumbani wote wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa mama" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na hili nataka ulisome mpaka mwisho kabla hujapanda ndege Jumamosi.

Umesema siku ya kupimwa mbele ya timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kabla hazijachagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, wakala wako anataka mizani isome paundi 205. Leo una 191. Huko Florida utakaa wiki nane za mazoezi. Kijana ambaye tayari ana miaka minne ya kunyanyua vyuma akiongeza nusu paundi ya misuli kwa wiki amefanya vizuri, akiongeza paundi nzima amefanya vizuri sana. Kwa hiyo ukirudi na 196 au 197 nitashukuru. Zinazobaki ni maji, chumvi na sahani ya wali ya usiku wa kuamkia kipimo, na saa mbili baadaye unatakiwa kukimbia yadi 40 nayo tumboni. Halafu kuna hatari yenyewe: maji mengi kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu, kichwa kinauma, akili inachanganyikiwa. Na timu ikikuita Aprili kuzungumza nawe, daktari wao anakupandisha tena kwenye mizani. Utawaambia nini?

Nimekuambia hivi si kwa sababu nadhani uzito hauna maana. Una maana kubwa kuliko urefu. Lakini ninachokiogopa mimi si mizani. Naogopa namna unavyoanguka. Mechi tatu za mwisho unazijua, sitazirudia.

Sasa hili la maskauti, wale wanaozitafutia timu wachezaji, na ufupi wako. Futi 5 na inchi 10 ndivyo ulivyo, na hakuna mazoezi ya kurefusha mfupa. Wanaosema kwotabeki, yaani mrusha pasi kama wewe, akiwa mfupi haoni juu ya walinzi wake wanasema nusu ya jambo. Wale walinzi wa mbele wengi wana futi 6 na inchi 4 au 5, wamevaa helmeti, na mbele yao kuna wengine wa kimo hichohicho wamenyoosha mikono. Hata mwenye futi 6 na inchi 4 haoni juu yao. Kila kwotabeki anaona kupitia nafasi zilizo kati ya mtu na mtu. Tofauti ni kwamba wewe nafasi zikizibwa katikati huna pa kuchungulia, na hapo unafanya kosa lile la wafupi wote: unarudi nyuma ili uone.

Hilo ndilo la kulifanyia kazi Florida. Mlinzi wa pembeni anamsukuma mkimbizaji wake, yule mpinzani anayekuja kukuangusha, kwenye duara akihesabu kwamba wewe uko yadi saba au nane nyuma ya mstari mpira unapoanzia. Ukirudi mpaka ya kumi na moja, yule mkimbizaji hahitaji kupinda tena, duara lake linapita palepale uliposimama. Unaangushwa, na magazeti yanamlaumu mlinzi. Dawa ni kupanda: hatua moja mbele, nusu hatua kushoto au kulia kutafuta uwazi, miguu chini, tupa. Ukiweza kupanda ndani ya poketi, ule uwazi walinzi wanaokuzungushia, huku watu wanakuangukia miguuni, skauti hataandika habari ya kimo chako kwenye ukurasa wa kwanza.

Ila kupanda kunahitaji pawe na pa kupanda, na hapo ndipo ninapowaelewa wanaoogopa kuwachukua wafupi. Kwotabeki Drew Brees alipimwa futi 6 tu. San Diego walimchukua mwaka 2001 raundi ya pili, namba 32, na alistaafu akiwa na yadi 80,358 za pasi. Kila mtu anasema macho na akili, ni kweli. Lakini New Orleans, timu aliyohamia baadaye, walifanya jambo jingine pia: waliweka nguvu na fedha kwa walinzi wawili wa ndani, wale wanaosimama kulia na kushoto kwa senta, yule anayekupa mpira, akina Jahri Evans na Carl Nicks. Timu nyingi zinalipa wa pembeni kwanza. Wao walitaka ukuta wa katikati usirudi nyuma, ili mtu mfupi awe na kiwanja mbele yake.

Carolina wao walifanya kinyume. Mwaka 2023 walitoa zamu zao za kuchagua vijana: chaguo la 9 na la 61, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu yake mpokeaji wao bora DJ Moore, ili wampate kwotabeki mfupi Bryce Young. Kwenye kipimo cha Indianapolis mizani yake ilisoma 204, na siku ile hakurusha wala hakukimbia. Msimu wa kwanza aliangushwa mara 62 na timu ikashinda mechi 2 tu kati ya 17. Machi 2024 ndipo wakanunua walinzi wawili wa ndani, Robert Hunt na Damien Lewis. Baada ya mechi mbili za mwanzo za msimu uliofuata wakamketisha benchi, lakini aliporudi alikuwa mtu anayesimama na kusoma kiwanja. Mtu yuleyule, kimo kilekile. Umenielewa?

Kwa hiyo ukiniuliza kama kwotabeki mfupi anafaa kuchukuliwa, jibu langu ni ndiyo, kwa bei yake. Ukitoa kila kitu ghalani kumpata, huna tena cha kumjengea ukuta, na mfupi bila ukuta wa kati ni mzigo kwake na kwako. Seattle walimpata Russell Wilson raundi ya tatu mwaka 2012, namba 75. Futi 5 na inchi 10 na zaidi kidogo. Mshahara wa mkataba wa raundi ya tatu ni mdogo, fedha ikabaki kwa walinzi wa nyuma, wale wanaozuia pasi za wapinzani, na Februari 2014 wakaifunga Denver 43 kwa 8 kwenye fainali. Kyler Murray, mfupi mwingine, alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2019, na sijaona kama Arizona walipata walichokilipia. Goti lake la Desemba 2022 lilikatika bila kuguswa na mtu, hilo nalijua, kwa hiyo si kila jeraha ni la ufupi. Na kwotabeki JaMarcus Russell alikuwa na futi 6 na inchi 6, wa kwanza mwaka 2007, na baada ya misimu mitatu hakuna aliyemtaka tena.

Ndiyo maana usilie ukiitwa raundi ya sita, au usipoitwa kabisa ukasaini usiku uleule. Angalia nani anasimama kando ya senta wa timu hiyo. Muulize wakala swali hilo kabla ya kuuliza habari ya fedha.

Nirudi kwenye kuanguka, maana najua hapa ndipo utaruka mistari. Kwotabeki Tua Tagovailoa alipimwa paundi 217. Hizo ni 12 zaidi ya unazozitafuta kwa maji. Septemba 2024 dhidi ya Buffalo alikimbia na mpira, badala ya kuteleza kwa miguu akaingia kwa kichwa kifuani mwa beki. Ubongo ukatikisika, akakosa mechi nne, na haikuwa mara yake ya kwanza. Paundi hazikumsaidia kitu.

Kuteleza kuna utaratibu, na wewe hujaufanyia mazoezi hata siku moja, unadhani ni jambo la papo kwa papo. Amua ukiwa na hatua nne kati yako na beki, si mbili. Sheria inamtaka beki ajizuie ukishaanza kuteleza, lakini kama ameshajirusha na wewe umechelewa, akikugonga si kosa lake, isipokuwa akikupiga kwa nguvu kichwani au shingoni. Na kichwa chako ndicho kinachoshuka pale bega lake lilipo. Kunja mguu mmoja chini ya mwingine, makalio yashuke kwanza, kidevu kifuani, mpira kwa mikono miwili. Usiweke mkono nyuma kujikinga, kifundo cha mkono kitavunjika. Na kumbuka mpira unahesabiwa pale mwili ulipogusa ardhi, si pale ulipoishia kuteleza: ukihitaji yadi tisa, teleza ukishapata kumi na moja, au toka nje ya kiwanja, au utupe mpira. Yadi mbili za ushujaa kwenye mechi ya Septemba hazina anayezikumbuka Desemba. Anza kwenye nyasi zilizolowa maji, vaa suruali ndefu, mara ishirini kwa siku, upande wa kulia na wa kushoto. Wachezaji wa besiboli wanajua kazi hii tangu utotoni, tafuta mmoja akufundishe.

Shingo pia. Shingo, mapaja na makalio ndivyo vya kuongezwa nyama huko, wala si kifua cha kupigia picha.

Pasi zako zinapigwa mkono na wapinzani pale mstarini, nalo ulitaje bila aibu kabla maskauti hawajalitaja wao. Zinapigwa zaidi kwenye zile za haraka za kurudi hatua tatu tu, kwa sababu mtu wa mbele akiona hafiki kwako anasimama, anatazama macho yako, ananyoosha mikono. Mpeleke kwa macho upande mwingine kwanza. Kiwiko kisishuke chini ya bega hata ukichoka. Kiganja chako ni kikubwa, kinyooshe vizuri siku ya kupimwa, kutoka ncha ya dole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Wilson alikuwa na inchi 10 na robo, na mpira wa Novemba wenye baridi haumponyoki mtu wa kiganja hicho.

Wakikuambia ubadilike uwe mpokeaji, kataa kwa adabu. Najua nani humu nyumbani alikuwa akikwambia miaka ile kwamba warefu ndio wanaochukuliwa, kwa hiyo ujaribu besiboli. Maneno yale tuyaache. Umefika hapa kwa kusoma ulinzi wa wapinzani kuliko mtu yeyote wa ligi yenu, na hilo lina mahali. Kama si hapa ni Canada. Kwotabeki Doug Flutie, futi 5 na inchi 10, timu ya Rams walimchukua raundi ya 11 mwaka 1985 kama watu waokotao kitu barabarani. Akaenda kaskazini, kwenye kiwanja cha upana wa yadi 65, akawa mchezaji bora wa ligi yao mara sita, kisha Buffalo wakamwita mwaka 1998. Canada si aibu, na mkataba wake usome mwenyewe, usimwachie wakala.

Dada yako atahamia chumba chako Jumapili, viatu ulivyoviacha chini ya kitanda nitaviweka kwenye boksi. Bibi Tanga anataka umpigie kabla hujaondoka, piga asubuhi ya huku, kwao ni jioni na bado hajalala. Usimweleze habari za mizani, atasema hulishwi. Baba yako amebadilisha tairi la mbele la gari lako lakini la nyuma kushoto nalo limekwisha. Nimekufungia samaki wa kukaanga na chapati kumi, chapati ziingie friza siku ileile utakayofika.

Bima ya gari inaisha tarehe 15. Kama gari litakaa tu barazani hizo wiki nane, niambie kabla ya Ijumaa niwaombe wapunguze.

Mama yako