Barua kwa mwanangu: tumelibomoa tangi la samaki

Marahaba, baba. Salamu zako zimefika, na ile pesa ya mwisho wa mwezi pia. Nusu yake imeishia kwenye silikoni, ile gundi ya vioo. Usishtuke, nakuja huko.

Ilianza na rangi. Ukuta wa upande wa meza ya chakula uliumuka kama andazi. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Baba yako akasema ni unyevu wa masika. Mvua gani hiyo inayonyesha sebuleni? Nikavuta kabati la chini ya tangi. Plaiwudi imeoza, mchwa wameshahamia, na kwenye kona ya kioo tone moja linaning'inia kama kamasi ya mtoto. Likidondoka, jingine linachomoza. Na soketi ya televisheni iko hatua moja tu kutoka pale.

Msimamo wangu juu ya lile tangi unaujua. Tangu lijengwe nimetaka liwe kabati la vyombo. Lakini ilipofika siku ya kuamua, mimi ndiye niliyesema litengenezwe, baba yako akaniangalia kama aliyebadilishiwa mke.

Fundi alipima, akaandika kwa penseli ukutani: mita 2, sentimita 60, sentimita 60. "Mama, likijaa hapa una kilo 700 za maji, bila kioo, bila mawe." Miaka yote hiyo tumekula ugali tumezipa mgongo kilo 700! Aliyejenga mwanzo aliacha upenyo wa sentimita 15 tu juu ya tangi, mkono unaishia kwenye kiwiko. Ndiyo maana kona za nyuma hazikuwahi kufikiwa. Sasa kuna mlango wa mbao wa sentimita 40, na juu yake linta ya zege, ukuta usije ukaegemea kioo. Soketi imepandishwa. Waya wa pampu unashuka chini kwanza ndipo unapanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Hilo nimelipenda sana, nimelifanya hata kwenye friji.

Samaki tuliwahamishia kwenye mapipa mawili ya bluu barazani, kwa maji yao yale yale, tukafunika kwa kipande cha chandarua maana wanaruka. Silikoni ya zamani ilikwanguliwa kwa wembe siku mbili, kona kwa kona, kisha ikafutwa kwa spiriti, kwa sababu mpya haishiki juu ya kuukuu. Kioo kipya cha mbele ni cha milimita 12. Kilibebwa na vijana wawili na mimi nyuma yao nikisoma dua. Nyumba nzima ilinuka siki kwa silikoni mpya, halafu tukaliacha wiki nzima likauke. Chini ya mchanga tulikuta gololi zako nne.

Sasa nifike pale ambapo muda wote huu napazunguka.

Siku ile ya kwanza fundi alipotoa sponji za kichungi, nyeusi tii, nilizichukua nikazipeleka bombani nje. Nilishafungua maji. Akapiga ukelele: "Mama, utawaua!" Akanieleza kwamba ule uchafu ndio uhai wa tangi. Ndani ya sponji wamo bakteria wanaoigeuza amonia ya mkojo na kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho na ukali mkubwa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Halafu samaki wetu ni wa Kigoma, maji yao lazima yawe kama ya Ziwa Tanganyika, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, karibu 9, na kwenye maji ya namna hiyo amonia inakuwa sumu kali zaidi. "Sponji unaikamua mara mbili tatu kwenye ndoo ya maji ya tangini, basi. Ukiiosha ikang'aa, baada ya siku chache samaki wanaanza kuhema juu juu."

Nikakaa kwenye ngazi ya uani.

Unakumbuka Desemba 2018, uko kidato cha pili. Tulikuwa tunangoja wageni wa Krismasi, na mimi na wageni unanijua. Nilimwaga maji yote, nikaosha mchanga, nikafikicha zile sponji kwa sabuni ya unga mpaka zikawa kama zimetoka dukani. Siku ya tatu wakaanza kuhema juu. Kufika Jumapili tulikuwa tumezika kumi na wanne chini ya mpapai. Baba yako akaona chembe za mkate zinaelea, na mkate ulikuwa wako. Baiskeli ikafungiwa stoo mwezi mzima, ukaandikishwa ile karatasi: "Sitawalisha samaki bila ruhusa." Ulinifuata jikoni ukaniambia, "Mama, nilitupa kipande kidogo tu." Nikakujibu usibishane na baba yako.

Mkate ule haukuua kitu, mwanangu. Ni mimi. Sikujua, lakini ulisema kweli na mimi sikukusikiliza, na hilo la pili ndilo linaloniuma. Nisamehe.

Baba yako nimemwambia. Alinyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akaanza kuulizia bei ya baiskeli. Nimemkumbusha una miaka 21.

Usiku wa nne umeme ulikatika, pampu za hewa zikazima. Nilitoka na jagi, nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu, pipa hili, pipa lile, kuanzia saa nane hadi karibu saa kumi na moja. Sponji nazo zilikuwa humo, na nao wale bakteria wanataka hewa. Hapo ndipo kwa tochi nilipomwona mmoja wa wale weusi wenye mkanda wa njano, kidevu kimemvimba, chakula hagusi. Fundi asubuhi akacheka: amebeba mayai mdomoni. Karibu mwezi mzima anawabeba hivyo.

Tulijaza tangi kidogo kidogo, tukatandika magazeti chini kwa siku mbili. Makavu. Maji ya bomba yalikaa kwanza kwenye ndoo na pampu ya hewa ili klorini itoke, na mawe meupe ya chokaa yamerudi mahali pake.

Juzi jioni yule mama aliwatema. Weusi, wana madoa meupe mwili mzima, wale uliokuwa ukiwaita samaki wa nyota. Nimehesabu saba; baba yako anasema wanane, lakini miwani yake unaijua. Wanajificha kwenye ufa wa jiwe kubwa la kushoto, picha haijakubali bado.

Karatasi yako fundi aliibandua ukutani pamoja na rangi. Nimeikunja humu ndani ya bahasha.

Mama yako